Mwiba wa Nne

Nyumbani kwetu, juu ya Soni, chakula cha shamba kilifungwa kwa jani la mgomba na kubanwa kwa miiba minne ya mlimau. Si mitatu, si mitano. Jani unalibabua motoni mpaka lilegee, unamimina makande ya mahindi na maharage katikati, unakunja huku na huku, unachomeka miiba yako, basi. Hata likikuponyoka likaviringika bondeni halimwagiki. Na miiba ilikuwa na sheria yake: lazima irudi nyumbani. Mama aliichuma mwenyewe, akaikausha juu ya dari la jikoni mpaka ikawa migumu kama misumari, na hakupenda mtu aichezee. Baba akitoka shamba aliichomoa kwenye ukingo wa kofia yake ya pama, akamkabidhi mama mkononi, ndipo apewe maji ya kunawa.

Siku moja alirudi na mitatu.

"Wa nne uko wapi?" mama aliuliza.

"Umeanguka."

"Umeanguka wapi?"

"Ningejua ulipoangukia si ningeuokota?"

Mama akashika kata ya maji, asimimine. Mzee mzima kasimama uani na mikono ya udongo, ananyimwa maji kwa ajili ya mwiba! Mimi nilikuwa nachambua maharage pembeni, nikacheka mpaka mama akanigeukia.

"Na wewe unayecheka ndiye unayefunga. Labda ulifunga kwa mitatu."

"Minne, mama. Wallahi minne."

Ilikuwa miaka ya ujamaa, nami nilikuwa msichana wa miaka ishirini, nimemaliza shule, nawafundisha watu wazima wa kijiji kusoma na kuandika. Siku mbili kwa wiki kijiji kizima kililima shamba la pamoja, kabichi na viazi, na mchana watu walikula pamoja. Filimbi ikilia, kila mtu analeta kifurushi chake, vinafunguliwa vyote katika safu moja ndefu, unakula kilicho mbele yako, kiwe cha kwenu au cha jirani. Baba yangu alikuwa mjamaa kwelikweli kwa jembe, hakuna aliyemshinda. Kwa makande, hapana. Alisema jirani yetu wa chini anapika maharage kama kokoto, na yule wa juu anatia chumvi kana kwamba bahari ni ya babu yake.

Mimi nami nilikuwa na msiba wangu. Wanawake wa kijiji walinisema kwamba nina mkono mfupi, yaani mchoyo. Eti vifurushi vya wenzangu vinafika kwenye safu vimenenepa, changu kimesinyaa. Niliongeza makande. Wakasema bado. Nikaongeza tena mpaka jani likataka kupasuka. Bado! Nikaanza kuwaza kwamba kuna mtu kanichezea, maana nilijua nilichopakua kwa mkono wangu mwenyewe.

Aliyepuliza filimbi alikuwa bwana shamba. Hapa mnisamehe, maana mpaka leo nikimtaja natabasamu kama mjinga. Alikuwa kijana wa Pangani, mrefu, buti za mpira miguuni, saa mkononi, filimbi shingoni. Baridi ya milima ilimtesa, pua yake haikukauka tangu aliposhuka garini. Alijitahidi kujifunza Kishambaa, lakini mara ya kwanza alipokutana na baba yangu asubuhi na mapema alimwambia "Onga mshi", ambayo ni salamu ya mchana. Baba alitazama juu kulitafuta jua, akalikosa, akaenda zake.

Jioni, darasa likiisha, kijana huyo alikuja kuwaeleza wanafunzi wangu habari za mbolea. Halafu wanafunzi wakaondoka, akanieleza mimi peke yangu. Kabichi haina maelezo marefu kiasi kile, hata iwe kabichi ya serikali. Mimi nilijua na yeye alijua, na tulifurahi sana.

Akatuma wazee kuja kuposa. Baba aliwasikiliza kwa adabu, akawapa chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha, akawanyima mimi.

"Mtu wa uhamisho," alisema. "Leo yuko Soni, kesho serikali inamwandikia barua, yuko Sumbawanga. Nikitaka kumwona mwanangu nipitie wapi? Hapana. Binti hapewi mtu ambaye hata kitanda chake ni mali ya serikali."

Nililia wiki nzima, kisha nikakasirika wiki nyingine tatu. Niliendelea kumfungia makande, lakini nakiri kwamba kipindi kile nilitia chumvi kuliko yule jirani wa juu. Mwiba ulipotea katikati ya hasira hizo.

Baada ya miezi miwili hivi baba akaanza kushika tumbo, upande wa kulia, chini. Kwanza akasema ni gesi. Mama akamchemshia mizizi, akanywa, akasema amepona, kesho yake akajikunja tena. Homa zikawa zinamjia jioni. Choo kikaanza kutoka na damu, jambo alilolificha mpaka mama alipolifumania. Akakonda. Mkanda wake ulimaliza matundu yote, akatoboa mengine kwa msumari. Na ukimgusa pale tumboni, kulikuwa na kitu kigumu, ukubwa wa kiazi. Hasira zangu zote ziliisha nilipokigusa kile kitu. Niliogopa, jamani. Niliogopa mpaka nikaacha kumwaza mtu wa Pangani, angalau mchana.

Hospitali hakutaka kuisikia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mama alimwambia hivyo asubuhi na jioni, lakini baba alijibu kwamba wahenga hawakuwahi kuchomwa sindano. Mwishowe alianguka katikati ya mistari ya kabichi. Vijana wakambeba kwa machela mpaka barabarani, na barabarani gari lililokuwepo lilikuwa moja tu, gari la Kilimo, na dereva wake mnamjua. Baba akalazwa nyuma juu ya magunia. Pamoja na maumivu yote yale, akainua kichwa.

"Endesha polepole," akasema. "Haya si yale mambo yako ya kuwahi madarasa ya jioni."

Hospitalini walimnywesha dawa nyeupe kama chokaa ili wapige picha ya tumbo. Alikunja uso. "Mgonjwa haulizwi uji," mama akamwambia, akamshikia kikombe mpaka tone la mwisho. Kisha daktari, mtu mpole, mzito wa maneno, alituita: mama, baba mdogo ambaye ni mdogo wake baba, na mimi.

"Kuna uvimbe kwenye utumbo," alisema. "Umbo lake silipendi. Huenda ni saratani. Huenda ni kifua kikuu kilichoshukia tumboni. Lazima tumfungue, na siwezi kuwaahidi kitu."

Tulirudi naye hadi kitandani, akamuuliza baba, "Mzee, umewahi kumeza kitu kigumu? Mfupa? Kokwa la tunda?"

Baba alitazama ukuta. "Mimi nakula makande tu, daktari."

Siku moja kabla ya kupasuliwa, baba alitukusanya aage. Alikuwa amejiandaa, hata ndevu kachongwa. Alianza na baba mdogo. Akampa koti lake zito la sufu, lile ambalo kijiji kizima kililitamani kila kipupwe. Baba mdogo alilia kwa uchungu wa kweli, na huku akilia akalivaa. Akakaa nalo humo wodini, mikono imemfunika mpaka vidole, jasho linamtiririka. Redio ilikwenda kwa jirani wa chini, yule wa maharage ya kokoto, ili asikilize kipindi cha wakulima na, baba alisema, Mungu akipenda, kipindi cha mapishi. Kuku jike aliyekuwa akilalia mayai alipewa jirani wa juu. Kisha akamgeukia mama, akamwomba msamaha kwa mambo mengi, mengine mimi sikupaswa kuyasikia.

Mama alifuta macho kwa upindo wa khanga. "Nimekusamehe yote," alisema. "Isipokuwa mwiba."

Baba aligeuka ghafla akatazama tena ule ukuta. Mimi nilidhani ni maumivu.

Halafu akaniita. Nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Mwanangu, nilikuzuia," alisema. "Nilitaka uwe karibu nami. Sasa mimi ndiye ninayehama, na kwangu hakuna hata basi la kwenda. Bora uwe Sumbawanga na mtu wako kuliko uwe Soni na kaburi langu. Nimekupa. Baba yako mdogo ni shahidi."

Baba mdogo akainua mkono wa koti kuthibitisha.

Nililia. Na ndani ya kilio kile, Mungu anisamehe, kulikuwa na furaha. Baba yangu anakufa, na moyo wangu unaruka kama mwana mbuzi! Niliuchukia moyo wangu. Nilimwambia Mungu amchukue bwana shamba, amrudishe Pangani, amwoze mwingine, bali aniachie baba. Kisha nikaogopa kwamba labda atanisikia kweli, nikamwomba anisubiri kidogo.

Kesho yake tulikaa kwenye benchi la nje: mama, baba mdogo na koti lake, mimi, na bwana shamba aliyekuja bila kuitwa na kukaa mwisho kabisa wa benchi. Mlango ukafunguliwa, daktari akatoka na kisahani cha chuma.

"Nani anapika nyumbani kwenu?" aliuliza.

Mama hakusita hata kidogo. Alininyooshea kidole.

Kwenye kisahani palikuwa na kijiti cheusi, urefu wa kidole cha mwisho, chenye ncha. Daktari alisema hakuna saratani, hakuna kifua kikuu. Kitu hiki kilikwama utumboni, kikautoboa, nyama ikakizingira miezi yote ile mpaka ikawa donge. Amekata kipande, ameunga, mzee atapona. Bwana shamba alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti iliyomkatikia njiani. Mama alikuwa ameinama juu ya kisahani, anakigeuza kile kitu kwa ncha ya ukucha.

"Wa nne!" akapiga ukelele. "Jamani, wa nne huu hapa!"

Nesi mmoja alitoka mbio akidhani kuna msiba. Akakuta mwanamke mtu mzima anarukaruka kwenye baraza, baba mdogo amekaa sakafuni anacheka ndani ya koti, na mimi sijui nacheka au nalia, nimeshika mkono wa bwana shamba mbele ya watu wote bila habari. Daktari alijaribu kueleza jambo la kitaalamu, akashindwa, akaanza kucheka naye. Mama alimwomba mwiba wake. Alipewa, umeoshwa kwa dawa.

Baba alirudi nyumbani baada ya wiki kadhaa, mwembamba, mshono tumboni, sauti palepale. Neno lake la kwanza alipovuka kizingiti halikuwa salamu.

"Koti langu liko wapi?"

Hapo ndipo tulipojua kwamba baba mdogo, ambaye ni mfupi, alikuwa tayari amelipeleka kwa fundi likakatwa mikono. Kukazuka ugomvi hapo, acha! Baba alilivaa hivyohivyo, viganja na nusu ya mikono nje, na akalivaa miaka yote iliyofuata ili mdogo wake aone aibu. Redio ilirudi ikiwa imekwisha betri. Kuku alirudi na vifaranga saba, na jirani wa juu akadai vifaranga ni vyake kwa kuwa vimeanguliwa kwake. Wakavutana siku tatu. Baba alirudisha hata toba. Alimwambia mama kwamba katika yale aliyoyaungama, mengine hakuyafanya, ilikuwa homa.

Mimi nilikaa jikoni, nahesabu. Koti limerudi. Redio imerudi. Kuku amerudi. Nilijua ninayefuata ni mimi. Kila alipokohoa nilishtuka. Bwana shamba naye alipita barabara ya chini siku hizo, hata filimbi hakupuliza kwa nguvu, asije akamkumbusha mzee kwamba yupo.

Siku ya gulio la Soni mama alishuka kuuza, na baba akasema, "Mwite yule mtu wako wa filimbi."

Nilikwenda kumwita. Alikuja ameosha buti. Akamwamkia, "Shikamoo, mzee," baba akaitikia, akamwonyesha kigoda kifupi kuliko vyote. Akakaa, magoti yakamfikia masikioni. Mimi nikasimama mlangoni, sikuambiwa nitoke.

"Kuna siku ulipita kwenye matuta ya juu, nyuma ya migomba," baba alisema. "Kabla ya kiangazi. Unakagua mistari."

"Nilipita, mzee."

"Uliniona?"

Bwana shamba alinitazama mimi, akatazama buti zake. "Nilikuona, mzee."

"Nilikuwa nafanya nini?"

"Ulikuwa... ulikuwa unakagua migomba."

"Mimi nimefunguliwa tumbo wakaona kila kitu. Usinifiche. Nilikuwa nafanya nini?"

"Ulikuwa unakula, mzee."

Basi ndivyo nilivyoujua ukweli. Kila siku ya shamba la pamoja, kabla filimbi haijalia, baba yangu alijificha nyuma ya migomba, akafungua kifurushi changu, akala sehemu nono, akakifunga tena na kukipeleka kwa wanakijiji kimesinyaa. Miiba aliichomoa mmoja mmoja, akaichomeka kofiani, na ule wa mwisho aliubana midomoni kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Siku ile alikuwa na donge la makande kinywani na mwiba pembeni mwake, bwana shamba akatokeza ghafla kati ya migomba. Baba akafumba kinywa na kumeza kila kilichokuwemo. Mwiba ulimkwaruza koo, akausukumia ndizi mbivu, akajiambia umekwenda zake. Kisha akabana kilichobaki kwa miiba mitatu, akaja kula na wenzake.

"Baba!" nilipiga kelele. "Miaka miwili nimeitwa mchoyo!"

"Tulia."

"Mkono mfupi! Wameniita mkono mfupi kwenye kisima, baba, mbele ya watoto!"

"Nimesema utulie, wewe uliyefunga mwiba wa kuniulia."

Nilitulia, lakini nilihema kama mtu aliyepanda kutoka Mombo kwa miguu. Baba akamrudia bwana shamba.

"Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu, mzee."

"Hata mwenyekiti?"

"Hata mwenyekiti."

"Hata huyu?" Akaninyooshea kidevu.

"Hata yeye."

"Na nilikuwa nimekwisha kukunyima binti. Ungesimama mkutanoni ukasema mzee fulani anakula kwa kujificha, ningechekwa kutoka hapa mpaka Mazinde. Ungelipiza vizuri kabisa. Mbona hukusema?"

Pua ilimchuruzika bwana shamba, akaifuta kwa leso.

"Njaa ya mtu si habari ya mkutano, mzee," alisema.

Baba alivuta mikono ya koti lake, ikagoma kufika.

"Koti nililitoa kwa kudhani nakufa," alisema. "Redio vilevile, na kuku. Vyote nimevirudisha na ni haki yangu, neno la homa halimfungi mtu. Na huyu pia nilimtoa kwa homa." Nikashika mwimo wa mlango. "Kwa hiyo namrudisha. Sikia, binti, umerudi kwangu."

Nikaziba mdomo kwa khanga.

"Haya. Sasa umerudi, mimi mzima, sina homa, na nimeshiba." Akamgeukia bwana shamba. "Mtu aliyeikalia aibu yangu miezi yote ile asiitoe, mwanangu hatadhalilika mikononi mwake, hata huko mnakopelekwa. Nakupa. Safari hii nimekupa kweli."

Bwana shamba alitaka kusimama amshike mkono, kigoda kikamg'ang'ania, akasimama nacho. Nilicheka mpaka nikaketi chini. Baba naye alicheka, ameshika mshono kwa mikono miwili, ananiomba niache, asije akakata uzi wa daktari.

Tulioana, na uhamisho ukaja, kama baba alivyosema. Alikosea kidogo tu: haikuwa Sumbawanga, ilikuwa Mpanda. Siku ya kuondoka mama aliagana nasi nyumbani maana hakuweza kuvumilia stendi, na baba akasema atashuka peke yake na mzigo wetu wa chakula. Alitukuta stendi ya Mombo, chini ya mlima, kavaa lile koti kwenye joto lote lile la tambarare. Alinipa kifurushi mkononi. Alikuwa amekifunga yeye mwenyewe kwa kamba za mgomba, fundo juu ya fundo, bila mwiba hata mmoja. Aliniambia nile polepole, akanigeuzia mgongo, nikaona mabega yake yanatikisika ndani ya koti.

Tulipofika mbali niliomba kisu cha abiria mwenzetu, nikakata mafundo. Jani lilikuwa kubwa, lakini makande hayakufika hata nusu. Njia nzima ya kushuka mlima, mzee alikuwa amekula.

Nilimwonyesha mume wangu. Akalitazama jani, akanitazama mimi na machozi yangu, akageukia dirishani. Alisema yeye hajaona kitu.